Jinsi ya kupima kama dini inapungua kwenye nchi iliyotoka vitani (mfano tunaotumia ni Ujerumani)

Mi ni mtoto wa Machame, kwetu ukizaliwa unapelekwa usharikani kubatizwa, ukikua unapata kipaimara, ukifa kengele inagongwa, na katikati ya hapo hakuna anayekuuliza kama unaamini. Kwa hiyo nilipofika Ujerumani kusoma, siku ya kujiandikisha makazi nikakuta kwenye fomu kuna sehemu ya dini nikajaza tu, kama ninavyojaza jina la baba. Baadae nikapata kazi, mshahara umeingia, naangalia slipu naona herufi mbili, ev (kifupi cha evangelisch, yaani Mprotestanti), na makato pembeni. Kodi ya kanisa. Wenzangu wakanieleza kwamba huku serikali ndo inayakusanyia makanisa kodi, 8% ukiwa Bavaria au Baden-Württemberg na 9% kwingine kote (ni asilimia ya kodi yako ya mapato, sio ya mshahara, wengi wanachanganya hapa), na ukitaka isikatwe unaenda mahakamani au kwa msajili unatamka kwamba umetoka kanisani, unasaini, imeisha.

Mi sikutoka. Ila Jumapili iliyofuata nikaenda ibadani kwenye ule mji wa mashariki niliokuwa naishi, jengo linaloingiza mamia ya watu, tukawa 14 pamoja na mchungaji. Iliniuma kweli, kwa sababu waliotuletea Ulutheri Machame mwaka 1893 walikuwa wamisionari wa Leipzig, na leo KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) lina waumini zaidi ya milioni 6 wakati Leipzig yenyewe zaidi ya robo tatu ya wakazi hawapo kwenye kanisa lolote kati ya yale mawili makubwa, la Kiprotestanti na la Kikatoliki. Nikataka kujua imekuwaje, na nikagundua kwamba kabla ya kuuliza imekuwaje lazima ujue kupima, maana watu wengi wanaongea tu, mmoja anasema vita iliwaondolea Mungu, mwingine anasema ni ukomunisti, mwingine anasema ni pesa, na kila mmoja ana namba yake mkononi. Haya ninayoandika ni kwa mtu anayetaka kufanya kazi hii mwenyewe, awe mwanafunzi wa sosholojia, mwandishi wa habari au mtu wa kanisa.

Anza kwa kuamua unapima nini, na hapa usiwe na haraka. Neno usekulari (yaani dini kupungua kwenye jamii) linabeba mambo matatu ambayo watu wanayafunga kwenye furushi moja: kuwa wa dini flani kwenye karatasi, kufanya mambo ya dini (kwenda ibadani, kubatiza, kufunga, kuoa kanisani), na kuamini moyoni. Hayatembei pamoja. Unaweza kukuta mtu yuko kwenye daftari la kanisa na hajaingia humo tangu kipaimara, unaweza kukuta mwingine ametoka kwa sababu ya kodi na bado anasali kila usiku. Mfano mzuri ni kanisa la Mtakatifu Nikolai pale Leipzig, mwaka 1989 watu walijaa kila Jumatatu kwenye maombi ya amani, tarehe 9 Oktoba wakatoka wakaandamana kama 70,000 mjini na polisi hawakupiga risasi. Ungekuwa umepima dini ya Ujerumani Mashariki (ile nusu ya nchi iliyotawaliwa na wakomunisti baada ya vita mpaka ilipoungana tena na Magharibi 1990) kwa kuhesabu vichwa siku zile ungesema uamsho umefika. Lakini wengi walikuwa wameingia kwa sababu kanisa lilikuwa karibu sehemu pekee ambayo watu wangeweza kukusanyika na kusema, na ukuta wa Berlin ulipoanguka hawakurudi kwenye mabenchi. Kwa hiyo andika kwenye karatasi sentensi moja: napima hiki, kwa watu hawa, kuanzia mwaka huu hadi mwaka huu. Ukishindwa kuiandika usiguse data kwanza.

Ukishaamua, nenda kwenye namba, na kila namba unayoikuta iulize imezaliwa na nani na kwa shida gani. Hili ndo nalisisitiza kuliko yote. Daftari la kanisa la Ujerumani limebebwa na kodi, kwa hiyo ni sahihi sana kwenye kusema nani yuko na nani katoka, lakini ile tarehe ya kutoka haikuambii imani iliisha lini. Angalia miaka ambayo waliotoka waliongezeka ghafla. 1991 na 1992 serikali iliweka tozo ya ziada kwenye kodi ya mapato kugharamia kuungana kwa nchi, watu wakaangalia slipu zao wakatafuta pa kupunguza, kanisa likawa la kwanza. 2014 mabenki yakaandikia wateja barua kwamba kuanzia 2015 kodi ya kanisa kwenye faida ya akiba itakatwa moja kwa moja, haikuwa kodi mpya, ila wazee wengi waliona ni mpya wakatoka, mwaka ule Wakatoliki zaidi ya 217,000 walitoka. Alafu ikaja hasira ya unyanyasaji wa watoto na jinsi viongozi walivyoficha, na 2022 peke yake walitoka Wakatoliki 522,821. Sasa je, hawa waliacha kuamini mwaka 2022? Wengi wao walikuwa wameshaondoka kimoyo miaka ishirini nyuma na wengine bado wanaamini kabisa ndo maana walikasirika. Daftari limekupa mwaka wa saini, sababu utaitafuta kwingine.

Na kwa nchi iliyotoka vitani daftari lina mtego mwingine unaoanzia kabla ya vita. Sensa ya Ujerumani ya 1939 inaonyesha Waprotestanti kama 54%, Wakatoliki 40%, alafu kuna kundi linaitwa gottgläubig, yaani anayeamini Mungu, kama 3.5%. Ukisoma haraka utadhani ni watu wacha Mungu tu wasio na kanisa. Kumbe hilo ni neno lililowekwa rasmi na utawala wa Manazi (chama cha Hitler) miaka ya 1930 kwa ajili ya watu waliotoka kanisani, wengi wakiwa wa chama na wa SS, kikosi chake, ambao hawakutaka kuitwa wapagani. Vita ikaisha 1945, kundi hilo likayeyuka, na watu wakaanza kurudi makanisani kwa wingi, na ukichora grafu utaona mstari unapanda vizuri kabisa. Wapo waliorudi kwa toba ya kweli, nani asingetafuta Mungu baada ya yale? Ila ujue pia kwamba wakati huo watu wengi walikuwa wanachunguzwa kama walikuwa Manazi, na barua ya mchungaji au padri ikisema huyu ni mtu mwema ilikuwa dhahabu, barua hizo zilipewa jina Persilschein kutokana na sabuni ya unga ya Persil, maana zilikuwa zinakufua. Ongeza na njaa, chakula na nguo za msaada kutoka nje nyingi zilipitia kwenye mashirika ya makanisa. Sisemi watu walidanganya. Nasema ukikuta mstari umepanda mara tu baada ya vita, andika pembeni yake nani alikuwa anagawa unga na nani alikuwa anaandika barua, alafu ndo uamue mstari unamaanisha nini.

Hapo hapo kuna suala la nani amebaki kuhesabiwa. Kabla Hitler hajashika madaraka 1933 Wayahudi Ujerumani walikuwa kama nusu milioni. Baada ya vita walibaki wachache mno. Hayo ndo mabadiliko makubwa kuliko yote ya dini yaliyotokea nchi ile karne ya 20, na kwenye grafu nyingi za usekulari hayaonekani hata kidogo, kwa sababu aliyeuawa hajazi dodoso. Ukianza grafu yako mwaka 1950 umeshawafuta mara ya pili. Kwa hiyo anza kabla ya vita, hata kama data za nyuma ni mbovu, weka hata nukta moja.

Alafu waliohama. Wajerumani kama milioni 12 walifukuzwa au walikimbia kutoka mashariki, Silesia, Prussia Mashariki, Sudeten na kwingine, karibu milioni 8 wakaishia Magharibi na zaidi ya milioni 4 upande wa Mashariki. Vijiji vya Bavaria vilivyokuwa vya Wakatoliki watupu tangu enzi za mababu vikapokea Walutheri, na vya Walutheri kaskazini vikapokea Wakatoliki. Ngoja nikuonyeshe kwa hesabu ndogo, namba hizi nimetunga ili uelewe tu. Tuseme mji una watu 1,000, Waprotestanti 950, yaani 95%. Wakaja wakimbizi 500, kati yao 400 ni Wakatoliki na 100 Waprotestanti. Sasa Waprotestanti ni 1,050 kati ya 1,500, yaani 70%. Umeshuka kutoka 95 mpaka 70 na hakuna hata mtu mmoja aliyebadili dini! Kwa hiyo kila unapoona asilimia imebadilika, gawanya sehemu nne: waliokufa, waliozaliwa, waliohama (kuingia na kutoka), na waliobadili wenyewe. Hiyo ya nne ndo watu wanadhani wanaiongelea, na mara nyingi baada ya vita ndo ndogo kuliko zote.

Kuhesabu miguu, yaani wanaofika ibadani, ni kazi ninayoipenda. Wakatoliki wa Ujerumani wana utaratibu wa miaka mingi, kila parokia inahesabu watu wote walioingia misani Jumapili mbili kwa mwaka, ya pili ya Kwaresima na ya pili ya Novemba, wanatoa wastani. Mwaka 1950 ilikuwa kama nusu ya Wakatoliki wote, 1990 imeshuka kwenye 22%, 2019 ni 9.1%, na 2022 baada ya korona 5.7%. Namba safi, ya miaka mingi, utaratibu uleule. Lakini soma vizuri: 9.1% waliohesabiwa Jumapili moja sio sawa na kusema 9.1% ya Wakatoliki ndo wanaokwenda kanisani, maana anayekwenda mara moja kwa mwezi ana nafasi ndogo ya kukutwa siku ile, wanaofika fika ni wengi kuliko waliokutwa. Pia asilimia hiyo unaipata kwa kugawanya kwa idadi ya Wakatoliki wa kwenye daftari, na daftari lenyewe linapungua, sasa wakitoka wale ambao hawakuwa wanakuja kabisa asilimia ya wanaokuja inaweza hata kupanda bila mtu mmoja kuongezeka kwenye benchi. Siku zote chora mistari miwili, asilimia na idadi kamili ya watu.

Chagua pia siku. Ukiwapima Waprotestanti kwa Jumapili ya kawaida utapata asilimia chache tu, ukiwapima mkesha wa Krismasi, kabla ya korona, unakuta hesabu inafika zaidi ya theluthi ya wanachama wote. Ni watu walewale. Ipi ndo dini yao? Mi naona zote mbili, na anayekupa moja tu bila kukutajia siku amekunyima nusu ya habari. Ukienda kuhesabu mwenyewe kaa nyuma, hesabu mara mbili, kipindi cha wimbo wa kwanza na baada ya mahubiri, andika wazee, vijana na watoto kwa kukadiria, na andika hali ya hewa, ndio, mvua ina athari.

Maswali sasa. Ujerumani kuna utafiti unaitwa ALLBUS ulioanza 1980, unafanyika kila baada ya miaka miwili hivi na kuanzia 1991 unachukua na Mashariki, data zake unazipata bure kwa kujiandikisha kwenye hifadhi ya GESIS, unafungua kwa programu ya R ambayo nayo ni bure. Angalizo moja ambalo lilinigharimu wiki nzima: Mashariki wanahojiwa watu wengi kuliko uwiano wao ili sampuli ya huko itoshe kuchambuliwa peke yake, kwa hiyo ukijumlisha nchi nzima bila kutumia ile safu ya uzito iliyomo ndani ya faili (namba zinazorudisha kila upande kwenye uwiano wake halisi), Ujerumani yako itatoka haina Mungu kuliko ilivyo. Makanisa ya Kiprotestanti nayo yana utafiti wao wa wanachama tangu 1972, karibu kila miaka kumi.

Kwenye swali lenyewe, neno moja linabeba mzigo wote. Kuuliza "uko dhehebu gani" na kuuliza "una dini" na kuuliza "unaamini kuna Mungu" ni maswali matatu na majibu matatu, na kule Ujerumani la kwanza watu wanalisikia kama swali la kodi. Usibadilishe maneno katikati ya miaka, hata kama maneno ya zamani unayaona ya kizamani, kwa sababu ukibadilisha hutajua kilichobadilika ni watu au ni swali. Ukilazimika kubadilisha, mwaka huo uliza yote mawili, nusu ya watu swali la zamani, nusu jipya. Na kuhusu kwenda ibadani, watu huongeza kidogo wanapoulizwa ana kwa ana, sio uongo wa makusudi, mtu anajibu vile anavyojiona. Kwa hiyo nilichokuwa nafanya ni kuweka jibu la dodoso na hesabu ya benchi kwenye jedwali moja la eneo lilelile na kuangalia pengo. Pengo lenyewe ni kipimo. Pale ambapo watu bado wanaona aibu kusema hawaendi, dini bado ina heshima. Aibu ikiisha, pengo linafungika.

Nije kwenye rika, ambapo kazi nyingi zinaharibika. Unapoona dini imepungua kati ya 1960 na 2000 kuna maelezo matatu yanayoweza kuwa kweli kwa wakati mmoja. Umri, yaani vijana hawaendi ila wakizeeka watarudi. Kipindi, yaani kuna kitu kilitokea kikawagusa wote wakubwa kwa wadogo. Na rika, yaani kila kundi lililozaliwa pamoja lilikuzwa tofauti na linabaki hivyo maisha yake yote. Sisi neno rika tunalo tangu mababu, tunajua waliotahiriwa mwaka mmoja wanatembea pamoja mpaka kaburini, kwa hiyo wazo hili halitakiwi kutusumbua.

Fanya hivi. Chukua data za miaka yote, wapange watu kwa mwaka wa kuzaliwa, waliozaliwa 1920 hadi 1929, 1930 hadi 1939 na kuendelea, alafu kwa kila kundi angalia asilimia wanaokwenda ibadani angalau mara moja kwa mwezi kwenye kila mwaka wa utafiti. Weka rika kwenye mistari na miaka kwenye safu. Soma jedwali kwa kulala: rika moja linavyotembea na miaka, linashuka, linapanda au liko palepale? Alafu soma kwa kusimama: ndani ya mwaka mmoja, marika yanatofautianaje? Kwa data za Ujerumani Magharibi utakachokikuta ni kwamba mistari mingi iko karibu tambarare, waliozaliwa miaka ya 1920 wanaendelea na mwendo wao mpaka uzeeni, ila kila rika jipya linaingia chini ya lililotangulia. Watu wazima wengi hawakuacha dini, bali hawakuirithisha. Kuna kipindi kimoja ambacho kweli kilitikisa wote, mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa 1970, hesabu za misa zinashuka kwa kasi na vijana zaidi, lakini sehemu kubwa ya safari nzima ni mazishi na ubatizo, wazee waumini wanazikwa, wajukuu hawabatizwi.

Ndo maana nikilazimishwa kuchagua kipimo kimoja tu ningechagua hiki: kati ya watoto waliozaliwa na wazazi ambao angalau mmoja ni wa kanisa, wangapi walibatizwa ndani ya miaka michache? Mazishi ya kanisani ni kipimo kinachochelewa, kinakuonyesha nchi ya miaka sabini iliyopita. Ubatizo unakuonyesha nchi ya miaka thelathini ijayo. Ndoa ya kanisani iko katikati, ila siku hizi watu hawaoi kabisa kwa hiyo itumie kwa uangalifu.

Na hapo ndo Mashariki inapofundisha. Nchi moja, vita moja, Luther mmoja, wakagawanywa. Sensa ya kwanza ya Ujerumani Mashariki 1950 inaonyesha Waprotestanti kama 80%, Wakatoliki 11%, wasio na dini chini ya 8%. Yaani vita yenyewe haikuwatoa watu kanisani. Ya 1964 wasio na dini wamefika karibu theluthi moja, na baada ya hapo sensa za kule hazikuuliza tena (serikali ikiacha kuuliza swali, hiyo nayo iandike kama data). Katikati kulitokea nini? Serikali ilirudisha sherehe ya vijana inaitwa Jugendweihe, ya kuanzia 1955, kijana wa miaka 14 badala ya kipaimara anasimama mbele ya watu anakula kiapo kwa taifa la kijamaa, anapewa kitabu na maua, familia inakula vizuri. Makanisa yakasema ukienda huko hatukupi kipaimara. Mwaka wa kwanza vijana waliokubali hawakufika hata mmoja kwa watano, kufikia mwisho wa miaka ya 1950 walikuwa kama wanne kwa watano, kwa sababu asiyekwenda alijua nafasi ya sekondari ya juu na chuo inaweza kuota mbawa, na mzazi akiwekwa kati ya altare na shule ya mtoto unajua atachagua nini, mi simlaumu hata kidogo. Wale vijana wakazaa watoto ambao hawakubatiza, nao wakazaa wasiojua hata sala ya Baba Yetu. Kufikia 1990 waliobaki makanisani walikuwa kama 30%. Shinikizo likaisha na ujamaa ukaisha, na watu hawakurudi. Utafiti wa kimataifa wa 2008 ulikuta 52% ya watu wa Mashariki wanasema hawaamini kuna Mungu, Magharibi kama 10%. Na Jugendweihe mpaka leo familia nyingi za Mashariki bado wanaifanya, bila kiapo cha ujamaa, kwa sababu sasa ndo mila yao, bibi aliifanya. Kwa mpimaji maana yake ni kwamba usipime shinikizo kwa siku linapoanza tu, fuata mnyororo wa mzazi na mtoto vizazi vitatu, na weka swali kwenye dodoso: bibi yako alikuwa wa kanisa gani, na wewe nani alikufundisha kusali?

Waislamu usiwasahau. Wafanyakazi kutoka Uturuki walianza kuja kwa mkataba wa 1961, leo Waislamu Ujerumani ni mamilioni, lakini misikiti haina daftari la kodi kama makanisa, na sensa ya 2011 swali la dini nje ya makanisa rasmi lilikuwa la hiari, wengi wakaliacha wazi, idadi ikatoka ndogo mno. Ukisema Ujerumani imekuwa ya kisekulari kwa kuangalia madaftari ya makanisa peke yake utakuwa umehesabu nyumba ya zamani tu na kuacha waliojenga jirani.

Ukitaka kufanya haya kwetu, pa kuanzia ni Rwanda, maana baada ya 1994 kila mtu ana habari yake kuhusu dini kule. Utafiti mmoja wa chuo kikuu wa 2001 uliwapa Waislamu 4.6%, magazeti ya nje yakaandika zaidi ya 10% kwa sababu ilikuwa habari nzuri ya Waislamu waliowaficha watu, sensa ya 2012 ikasema 2%. Wakatoliki 2012 walikuwa 44%, 2022 kama 40%, Wapentekoste wameongezeka sana. Kabla hujasema watu walikimbia Ukatoliki kwa sababu ya mauaji yaliyofanyika ndani ya makanisa, fanya ile hesabu ya sehemu nne, kumbuka mamia ya maelfu waliorudi kutoka Uganda, Burundi, Tanzania na Congo ambao walikulia kwenye makanisa mengine kabisa. Na usihesabu majengo, mwaka 2018 makanisa zaidi ya 700 yalifungwa Kigali kwa kukosa viwango na 2024 yakafungwa maelfu nchi nzima, waumini hawakufungwa nayo. Kenya sensa inauliza dini, 2019 walikuta watu 755,750 waliosema hawana. Tanzania hatujauliza tangu sensa ya 1967, kwa hiyo mtu anayekwambia asilimia ya Wakristo na Waislamu Tanzania ya leo muulize ameitoa wapi, kwetu kazi ni kwenye madaftari ya ubatizo ya parokia na sharika, yako kabatini, mengine yana miaka zaidi ya mia, uende kwa barua na heshima, umwone paroko au mchungaji kwanza.

Mwisho ni usalama wa watu, na naomba usilisome haraka. Ile sensa ya 1939 niliyoitaja ilikuwa na kadi ya ziada inayouliza kama babu na bibi zako ni Wayahudi. Swali kwenye karatasi, jibu kwenye bahasha. Wajerumani hawakusahau, sensa ya Magharibi ya 1983 ilisimamishwa na mahakama ya katiba, na ilipofanyika 1987 wengi waligoma. Kwa hiyo jina la mtu liandike kwenye daftari moja, majibu yake kwenye jingine, kinachoyaunganisha kiwe namba tu, daftari la majina likae nyumba nyingine na sio kwenye laptopu, na kazi ikiisha lichome. Kijiji kidogo usikitaje kama wenye dini ile ni kaya mbili tatu, unganisha na vijiji vya jirani mpaka wawe wengi. Na mtu akikwambia hilo sijibu, weka alama ya hakujibu, funga daftari, kunywa naye chai.